Usisogee, Kalondu

Kalondu wa Kwa Vonza hakuwa na ng'ombe, hakuwa na shamba la jina lake, wala hakuwa na mchumba wa kuringia, lakini alikuwa na sauti, na kwa sauti hiyo alijiona tajiri. Mwethya wa akina mama, kikundi chao cha kusaidiana kazi, ulipotoka kuchimba matuta, leo kwa huyu kesho kwa yule, yeye ndiye aliyesimama kwenye ukingo na kuongoza wimbo. Akitupa mstari, majembe yanapanda pamoja. Wenzake wakiupokea, majembe yanashuka pamoja. Siku ambayo Kalondu alikuwa na mafua, matuta yalitoka yamepinda. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilisema hilo, na kusema kweli hakuna aliyembishia.

Mwethya una sheria zake, na si kanisa kwamba ukikosa Jumapili mbili unaombewa. Ukikosa mara tatu bila sababu, wenzako wanakuja nyumbani kwako na wimbo na kuchukua sufuria yako kubwa, na hawairudishi mpaka uwapikie wote wakashiba. Hawaji na hasira. Wanakuja na furaha kubwa, kwa maana hakuna kitu kitamu kama kumwaibisha jirani kwa haki. Kalondu mwenyewe alikuwa ameongoza nyimbo nyingi za kunyang'anya sufuria, na alizipenda kuliko nyimbo za harusi.

Mwaka ule wa sabini na sita mama yake alikwenda Mtito Andei kumwangalia binti yake mkubwa aliyejifungua. Kalondu, mwenye miaka ishirini na miwili, akaachiwa nyumba, kuku, na zamu ya mwethya. Kabla ya kupanda basi mama alimwambia mambo mengi kuhusu kuku. Kuhusu wanaume hakusema kitu, kwa sababu Kwa Vonza wakati huo hakukuwa na mwanaume wa kumtia mtu wasiwasi.

Ndipo akaja Mulei.

Mulei alikuwa fundi wa sanamu. Wenye hoteli moja mpya kule Mtito Andei walitaka langoni pao asimame mwanamke wa simiti aliyebeba kibuyu cha maji, ili madereva wa malori wakimwona wapate kiu. Mulei alikuwa Mkamba wa huku huku, ila alikuwa ameishi Mombasa na Nairobi hata akasahau namna ya kutembea polepole. Alirudi kutafuta sura. Alipanga nyumba nyuma ya duka la Wakiuru, mama wa Kikuyu aliyekuja Kwa Vonza kuuza sukari akaishia kununua ndengu, na ambaye hakuna mtu sokoni aliyewahi kumshinda kwa maneno.

Siku ya kwanza alimkuta Kalondu dukani na pakiti ya chumvi mkononi, anamcheka Wakiuru kwa jambo fulani.

"Usisogee," akasema Mulei.

Hakuwa hata amemsalimu. Kalondu alishangaa. Maisha yake yote watu walikuwa wamemwambia fanya haraka, inuka, leta, kimbia. Hakuna aliyewahi kumtaka asimame tu. Akasimama. Mulei akamzunguka polepole, mikono nyuma.

"Unajua uko na shingo gani wewe?"

Kalondu hakujua. Hadi siku hiyo alikuwa akidhani shingo ni kitu cha kubebea kichwa.

"Nimetembea nchi yote," Mulei akasema, "Kisumu nimefika, Lamu nimefika, na shingo kama hii sijaona. Ningekuwa na simiti hapa ningeanza leo leo."

Alipotoka, Wakiuru alifunga droo yake kwa kishindo. "Mimi mtu akinisifu shingo," alisema, "naangalia kwanza kama cheni yangu bado iko."

Lakini Kalondu alikuwa amekwisha kuvikwa kilemba cha ukoka, na kilimkaa vizuri. Jioni ile alijitazama katika maji ya ndoo kwa muda mrefu, mpaka kuku wakaja kumkumbusha kwamba hawajala.

Tusimlaumu mapema. Mwanzo wa kazi ile ulikuwa wa kufurahisha kweli. Mchana akimaliza shughuli zake alikwenda kukaa kwenye kigoda katikati ya chumba cha Mulei, na Mulei akampima kwa uzi: paji la uso, taya, umbali wa sikio mpaka bega. Alikuwa na mikono myepesi na hadithi nyingi. Alimsimulia juu ya Mzungu mmoja wa Nairobi aliyetaka sanamu ya mbwa wake, na mbwa akakataa kukaa, na ikabidi Mulei amchonge akiwa amelala. Kalondu alicheka mpaka kigoda kikalia.

"Hapo sasa," Mulei akasema kwa upole. "Hapo ndipo unaniharibia. Ukicheka mashavu yanapanda. Nataka uso uliotulia."

Kalondu akaacha kucheka ndani ya chumba kile. Kitu kidogo tu. Baadaye ikawa isyo, kwa sababu mahindi na maharagwe yanajaza mashavu, na kipimo kikibadilika kazi yote inakwenda bure. Akaacha isyo, akawa anakunywa uji. Kisha ikawa wimbo.

"Ukiimba mishipa ya shingo inasimama," Mulei akasema. "Mtu anapewa shingo na Mungu halafu anaichosha kwa kelele za shambani?"

Hapo Kalondu alibisha. Alisema sauti ni yake na ataimba. Mulei hakugombana. Aliugeuza mgongo, akakaa kimya akifinyanga udongo wake mchana mzima, bila kumwangalia, bila kumjibu, bila kumwambia aende wala akae. Kalondu aliyezoea kujibiwa na wanawake ishirini kwa sauti moja hakuweza kuubeba ukimya ule. Jua lilipoinama alikuwa anaomba msamaha, na hakukumbuka vizuri kosa lake lilikuwa nini. Mulei akageuka, akatabasamu, akasema shingo imerudi mahali pake. Kalondu alifurahi sana, na furaha hiyo ndiyo ingemtisha kama angekuwa na mtu wa kumsimulia.

Lakini mtu wa kumsimulia hakuwapo, kwa sababu Mulei alikuwa amekwisha kumwondoa. Wakiuru, alisema, ana kijicho. Mama Mutie, mwenyekiti wa mwethya, anamtumia Kalondu kama punda. Na mwethya wenyewe unampa mikono ya magamba na kumuunguza na jua. "Kaa siku chache bila kuonekana," alimwambia. "Ukiulizwa, sema umeenda kwa mama yako. Watu wasipokuona wanakusahau haraka, utashangaa." Kalondu hakuweza kudanganya uso kwa uso, kwa hiyo hakumwambia mtu kitu chochote. Alipita njia ya nyuma asubuhi mapema na kurudi magharibi kwa njia ile ile, na zamu zake za mwethya zikapita, moja baada ya nyingine.

Pale pembeni ya chumba palikuwa na vitu vimefunikwa magunia. Siku moja Mulei alipotoka kuchota mchanga, Kalondu alifunua gunia. Vilikuwa vichwa vya wanawake, vya simiti, vimepangwa ukutani. Vyote vilikuwa vizuri ajabu. Kimoja kilikuwa na kovu juu ya nyusi, na ungeapa kwamba ngozi ile ina joto. Vyote vilikuwa vimefumba macho.

"Kwa nini wamelala wote?" alimwuliza Mulei aliporudi.

"Hawajalala," Mulei akasema akilirudisha gunia. "Walitulia."

Wakiuru hakuwa mtu wa kufukuzwa kwa kununa. Alimvizia Kalondu njia ya nyuma, akamshika kiwiko.

"Wewe msichana, simama uniskize. Kuna mtu huwa ananiletea mbuzi kutoka Nuu. Ameniambia huko kuna mwanamke anaitwa Kasyoka, ako na kovu hapa juu ya jicho. Alipakwa simiti kwa uso na fundi wa sanamu, mambo ya kutengenezwa sura. Tangu siku hiyo haoni. Macho yote mawili, Kalondu! Huyo fundi alihama kabla kidonda kukauka."

Kalondu alikumbuka kile kichwa chini ya gunia. Kovu lile alikuwa ameliona. Mtu mwingine angechukua njia ya nyumbani saa ile ile, na wewe unayesoma unajiambia ungefanya hivyo. Kalondu alikwenda kwa Mulei kumwuliza.

Mulei hakukana. Alikaa chini, akafuta mikono, akamtazama kwa huzuni.

"Kasyoka alisogea," alisema. "Nilimwambia usisogee, akasogea, simiti ikaingia. Nililia kama mtoto. Si kila mtu anaweza kukaa, Kalondu. Nimejaribu wengi na wote walisogea. Wewe ndiye wa kwanza ninayejua hatasogea."

Na hapo, badala ya kuogopa, Kalondu alijivuna. Ndiyo, alijivuna. Alijiona bora kuliko Kasyoka wa Nuu na wale wengine waliofunikwa magunia. Mulei alikuwa amempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye akajisikia laini. Alipotakiwa alete chombo kikubwa cha kukorogea, alikwenda nyumbani akabeba sufuria kubwa ya mama yake, ile ya sherehe, akapita nayo njia ya nyuma. Wakiuru alimwona kutoka dirishani, akapiga ishara ya msalaba, ingawa alikuwa wa kanisa la watu wasiopiga.

Siku yenyewe ya kupakwa ilikuwa asubuhi njema yenye upepo. Mulei alitia komeo mlangoni. Kigoda kilikuwa karibu na mlango kwa ajili ya mwanga wa mwanya wa juu, kwa hiyo komeo lilikuwa karibu na mkono wa Kalondu kuliko wa Mulei. Kalondu aliliona. Alijua kwamba akinyoosha mkono atalifikia, na mkono ulikaa mapajani.

Mulei akampaka mafuta usoni. Akamtia mabua ya mpapai puani ili avute pumzi. Kisha akakoroga ndani ya sufuria simiti na chokaa.

"Jasi ya kuchukulia sura imeisha Nairobi," alisema. "Hii itawasha kidogo. Naanza kidevu, namaliza na macho. Usisogee."

Uji ule ulikuwa baridi ulipogusa kidevu, halafu ukaanza kupata joto lake wenyewe. Ukapanda mdomoni, ukafunga. Ukapanda mashavuni. Kalondu alisikia pumzi yake ikipiga mluzi ndani ya mabua. Ngozi ilianza kuwaka, kwanza kama pilipili kidogo, kisha kama pilipili si kidogo. Alitaka kupiga kelele na mdomo haukuwa wake tena. Mulei alikuwa anafanya kazi huku akinong'ona, na Kalondu alitambua kwamba hanong'oni naye. Alikuwa anazungumza na sanamu.

"Sasa macho," akasema Mulei, akatumbukiza mkono ndani ya sufuria.

Sasa tumwache Mulei mkono wake ukiwa sufuriani, tuone ujinga wake ulikuwa wapi. Alikuwa mtu mwerevu. Alijua namna ya kumtenga msichana na rafiki zake bila kugombana na yeyote. Lakini ujuzi huo aliupata mijini, ambako mtu akikosekana mwezi mzima jirani hushukuru kwa utulivu. Kwa Vonza alikosea hesabu. Kumtoa mtu kwenye mwethya ndiyo njia ya hakika ya kuuleta mwethya mlangoni kwake. Hawa akina mama hawakuwa wamemkumbuka Kalondu kwa mapenzi. Wengine walikuwa wamemkasirikia, maana matuta yalikuwa yamepinda. Walikuwa wanataka sufuria.

Walikuwa wamekwenda nyumbani kwake asubuhi ile moja kwa moja kutoka shambani, majembe begani, wakakuta jiko baridi na mahali pa sufuria pakiwa patupu. Mtu kuficha sufuria ili asitozwe! Jambo hilo halijawahi kuonekana. Walifurahi mno. Wakateremka sokoni kuulizia, na Wakiuru hakungoja kuulizwa mara mbili.

"Sufuria iko kwa yule wa sanamu," alisema. "Na mwenye sufuria iko huko huko. Endeni haraka, na mimi nakuja na maji."

Basi wakaja na wimbo. Na kwa kuwa mwongozaji wao hayupo, aliyeongoza alikuwa Ndululu.

Ndululu alikuwa mama mwema, mchapakazi, mwenye watoto saba wenye adabu. Kitu kimoja tu hakukijua, kuimba, na ndicho alichokipenda. Sauti yake ilikuwa inatokea puani, na kosa lake kubwa lilikuwa haraka: hangoji wenzake wapokee. Kalondu alimsikia kutoka mbali, kupitia simiti na chokaa na hofu.

"Kalondu amepotelea wapi, jembe linamlilia..."

"Sufuria inakuja na—"

"Kalondu amekula nini, hata kivuli hatukioni..."

Alikuwa ameingia katikati ya kipokeo. Wanawake wakakatika, wakajaribu kurudi, nusu yao wakiwa kwa "sufuria" na nusu kwa "na sisi". Majembe yaliyokuwa yakigongwa kwa mpigo yakaanza kulia ovyo ovyo.

Mkono wa Mulei ulitoka sufuriani. "Usisogee," akasema.

Kalondu hakusogea. Alikuwa bora kuliko Kasyoka. Nje Ndululu akatupa mstari wa tatu, na akaukosea zaidi ya wa pili. Wimbo huo Kalondu ndiye aliyeutunga. Alikuwa ameupima kwa miguu yake mwenyewe kwenye ukingo wa tuta la Mama Mutie, siku nzima, mpaka ukakaa. Na sasa unaburutwa sokoni watu wote wakisikia! Alihisi kitu kinapanda kutoka tumboni, na hakikuwa ujasiri, wala hekima, wala kumbukumbu ya maneno ya mama. Ilikuwa hasira safi ya mwenye kazi yake.

"Ngoja wamalize!" alipiga kelele. "Ndululu! Ngoja wamalize kwanza!"

Simiti ya mdomoni ilipasuka vipande viwili. Kimoja kikaangukia mapajani, kingine kikaning'inia shavuni. Mabua ya mpapai yakaruka.

Nje wimbo ukakatika.

Mulei alimtazama, na uso wake wote mpole ukamtoka. Alimkamata kichwa kwa mkono wa kushoto na kuusukuma ule wa kulia, wenye simiti, kuelekea macho yake. "Utakaa," alisema kwa meno. "Utakaa, utakaa." Kalondu alifumba macho akahisi ukingo wa jicho ukiwaka moto. Lakini mikono yake ilikuwa mikono ya jembe, na siku chache za uji hazikuwa zimeiondolea kazi ya miaka. Alimshika Mulei kifundo, akakipinda, akafungua mdomo, na sauti yote aliyokuwa ameifungia akaitoa kwa mara moja. Wanasema punda wa kisimani walikata kamba.

"Huyo ni Kalondu," akasema Mama Mutie huko nje. "Vunjeni."

Mlango ule ulikuwa umetengenezwa na fundi wa Kwa Vonza, na fundi wa Kwa Vonza hakuwahi kukusudia mlango upigwe na mipini ishirini. Waliingia wote kwa pamoja. Wakiuru alipita katikati yao na debe la maji, akammwagia Kalondu usoni, akaita lingine, akammwagia tena, huku akimgombeza kwa Kikuyu na Kiswahili na Kikamba alichojifunza kwa kununua ndengu. "Fungua macho! Fungua, mjinga wewe, mpenzi wangu, fungua uone!"

Kalondu akafungua. Akaona uso wa Wakiuru, umelowa, umekunjamana. Hajawahi kuona kitu kizuri namna hiyo.

Mama Mutie alikuwa amekwisha kuiona sufuria. Aliishika masikio yote mawili, akaimwaga simiti miguuni pa Mulei, akaigeuza akachungulia chini. "Ni yenyewe," alitangaza, "ile ya mama yake," na wanawake wakapiga vigelegele. Mulei alisimama ukutani kati ya vichwa vyake. Akawaambia kwa sauti iliyotulia kwamba wameharibu kazi kubwa ambayo hawawezi kuielewa.

"Kazi gani?" akauliza Ndululu. "Wewe tangu ukuje hapa hata tuta moja umechimba?"

Alipelekwa kwa chifu kwa wimbo, na kutoka kwa chifu alipelekwa Kitui na askari bila wimbo. Vichwa vya simiti vikaenda pamoja naye kama ushahidi, na yule mleta mbuzi akaenda Nuu kumwita Kasyoka, ambaye alisema mbele ya hakimu mambo yaliyomfunga Mulei miaka mingi. Hoteli ya Mtito Andei iliweka langoni simba wa simiti, na madereva walipata kiu vile vile.

Kalondu naye alipikia mwethya wote, maana sheria ni sheria, na mtu kukaribia kupofushwa si sababu ya kukosa zamu bila kutoa habari. Alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye sufuria iliyobaki na doa jeupe ambalo mama yake analilalamikia mpaka leo. Walikula, wakamtania, wakamwimbisha. Mambo yote yalikuwa yamerudi, isipokuwa moja. Mama Mutie, akiramba kidole, alimwuliza bila ubaya: "Lakini komeo lilikuwa upande wako. Kwa nini haukutoka?"

Kalondu alimwongezea chakula. Usiku hakulala vizuri, na usiku uliofuata pia. Mchana aliimba, akatania, lakini swali lile lilikaa kifuani pake likimtia haya. Alijichukia. Mtu mwenye mikono yake na miguu yake, anakaaje?

Kabla ya kesi, mleta mbuzi aliporudi Nuu na lori, Kalondu alipanda naye.

Alitarajia kumkuta mgonjwa amejiinamia. Alimkuta mwanamke mnene mwenye kovu juu ya nyusi, amekaa kivulini, anasuka kiondo kwa kasi ya kutisha huku akimkaripia mbuzi kwa jina.

"Wi museo, mama?"

"Ni museo. Huyo ni nani anasimama mbali kama anadaiwa? Kaa hapa."

Kalondu akakaa, akajitaja. Vidole vya Kasyoka vilisimama kidogo, kisha vikaendelea.

"Aha. Wewe ndiye alikupenda nini?"

"Shingo."

"Mimi aliniambia ni macho," Kasyoka akasema. "Ati macho kama haya hayajaonekana Ukambani yote. Nilitembea wiki mzima nimeyafungua wazi, mpaka vumbi ikaniingia."

Alicheka peke yake, kicheko kikubwa cha kutoka chini. Kalondu hakuweza kucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Umekuja kuniuliza kwa nini nilikaa?" Kasyoka akauliza.

"Hapana. Nimekuja kwa sababu ni wewe peke yako hutaniuliza mimi."

"Sikuulizi."

Mbuzi akaanza kula kitu alichokatazwa, Kasyoka akamkaripia. Kisha Kalondu akasema lile lililomleta, lile alilokuwa amelijengea kiburi chake chote.

"Mulei aliniambia wewe ulisogea. Ati ndiyo maana iliingia."

Kiondo kilishuka mapajani pa Kasyoka.

"Mimi? Mwana wakwa, mimi sikusogea hata ukope. Iliniunguza nikaiskia inaniunguza, nikajiambia kwa roho, Kasyoka, vumilia, usiharibie mtu kazi. Nilikaa vizuri kabisa. Hakuna mtu amewahi kukaa vizuri kama mimi."

Kalondu alilia kwa sauti sasa, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na Kasyoka akamwacha alie. Alipotulia alihisi kifua chepesi.

"Na wewe?" Kasyoka akauliza. "Wewe ulikaa?"

"Mimi nilisogea."

"Ni nini ilikusogeza?"

Kalondu akapangusa pua. "Kulikuwa na mama mmoja anaimba huko nje. Alikuwa anaimba vibaya sana. Sikuweza."

Kasyoka alicheka mpaka akashika mbavu, akacheka mpaka mbuzi akakimbia, na safari hii Kalondu alicheka naye. "Huyo mama," Kasyoka akasema alipopata pumzi, "mpelekee mbuzi. Chukua huyo mweupe, hana adabu lakini ana mafuta. Mwambie ametoka kwangu."

Kalondu alimpelekea Ndululu mbuzi, akasema ametoka kwa Kasyoka wa Nuu. Ni wa nini hakumwambia, maana angeanza kujiona anajua kuimba.